Fundi Mwashi Anajibu: Kiraka Kisizidi Jiwe kwa Ugumu

Barua za safari hii zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, kwamba jiwe la kale linaharibika na kuna mtu pembeni ameshika ndoo ya kitu kikali tayari kulisaidia. Nimechagua chache. Nyingine ndefu nimezifupisha, wenyewe mtanisamehe.

Shikamoo Fundi. Mimi ni katibu wa kamati ya kanisa letu, lililojengwa kwa mawe ya chokaa zaidi ya miaka mia iliyopita. Miaka ishirini nyuma viungo vyote vya ukuta wa nje vilikwanguliwa na kujazwa saruji, kazi safi kabisa. Leo saruji ile bado imara lakini mawe yenyewe yanaliwa. Mkandarasi anasema mawe yamezeeka, na anataka kupiga lipu ya saruji ukuta mzima. Tumpe kazi?
*Katibu wa kamati*

Marahaba, Katibu. Msimpe.

Mawe hayo yalikaa miaka themanini na zaidi bila ugomvi na mtu, yakaanza kuliwa saruji ilipoingia. Hapo hahitajiki mpelelezi. Ukuta wa zamani haukujengwa uzuie maji yasiingie kabisa. Ulijengwa uyapokee kidogo mvua ikinyesha, kisha uyatoe jua likitoka. Mlango wa kutokea ulikuwa kiungo, yaani ile chokaa laini yenye vitundu vingi kati ya jiwe na jiwe. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hati ya uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1824, ni kitu kizuri mahali pake, ila ni ngumu, hainyumbuki, na maji huipita kwa shida. Ukiuziba mlango huo kwa saruji, maji hayakai ndani kwa adabu yakisubiri. Yanatokea kwenye jiwe.

Na hayatoki peke yake. Yamebeba chumvi: ya ardhini, ya upepo wa bahari kama mko karibu nayo, na nyingine iliyotoka ndani ya saruji hiyohiyo. Maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ya vitundu, milimita chache chini ya uso wa jiwe, inaganda kuwa fuwele, na fuwele zinasukuma. Chumvi ya kawaida ya mezani huvuta unyevu wa hewa na kuyeyuka pale unyevunyevu unapopita asilimia 75 hivi, halafu hewa ikikauka inaganda upya. Kwa hiyo hata pasiponyesha mvua, jiwe linaweza kusukumwa usiku na mchana.

Nenda kasimame ubavuni mwa ukuta asubuhi, jua likiupiga kwa mlazo. Utaona mistari ya saruji imebaki mbele na kila jiwe limerudi nyuma, limebonyea katikati. Pitisha kidole kwenye kingo za jiwe, pale linapogusana na saruji. Kitarudi na unga, na nyuma ya unga kuna magamba membamba yanayosubiri zamu yao. Sasa fikiria kupiga lipu ya saruji juu ya hali hiyo. Mtafunika mgonjwa na ugonjwa pamoja, na siku lipu itakapobanduka itaondoka na uso wa jiwe.

Fanyeni hivi. Kabla ya kugusa kiungo chochote, tafuteni maji yanaingilia wapi: mifereji ya paa iliyoziba, bomba la mvua lililopasuka nyuma pasipoonekana, udongo uliorundikana hadi kupita msingi, au ile sakafu ya zege ambayo kila kamati hupenda kuimwaga kuzunguka jengo ili pawe pasafi. Zege hiyo huyasukuma maji ya ardhini yapande kwenye ukuta. Nimeona kuta zilizopona nusu ya ugonjwa wake kwa kuondolewa zege tu.

Kisha toeni saruji kwa mkono, kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo. Grainda ikae kwenye sanduku, kwa sababu diski haijui pa kuishia, na kila kiungo cha wima kitaacha mkato kwenye jiwe la juu na la chini. Pale saruji inapong'ang'ania kiasi kwamba kingo ya jiwe itavunjika, iacheni. Itakuja kulegea yenyewe, na kingo ikivunjika hairudi. Kina cha kukwangua kisipungue mara mbili ya upana wa kiungo. Safisheni vumbi, lowesheni, ndipo mjaze chokaa.

Chokaa gani? Kwa jiwe laini, chokaa iliyolowekwa ikakaa shimoni au pipani angalau miezi 3. Kwa ukuta unaopigwa sana na mvua, chokaa haidroliki, ile inayoshika hata penye unyevu. Mifuko yake huandikwa NHL, kifupi cha Kiingereza cha chokaa haidroliki asilia: NHL 2, NHL 3.5 au NHL 5, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ugumu unavyopanda, kwa hiyo msikimbilie 5 kwa kuona ni kubwa. Mchanga uwe mkali, wenye chembe kubwa na ndogo, na kwa kawaida kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Mtu akisema “tuongeze saruji kidogo ya kusaidia”, mpeni kazi nyingine. Shindilieni kwa tabaka, na mkifika usoni msipake chokaa juu ya kingo zilizokwisha kuliwa. Ikianza kushika, igongeni kwa brashi ngumu ili uso wake ufunguke. Halafu magunia mabichi juu yake kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa iliyokaushwa na jua haraka inageuka unga. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 5, subirini msimu mwingine.

Wajumbe wabishi watajieni Sphinx ya Giza, Misri, ile sanamu kubwa ya kale ya simba mwenye kichwa cha mtu. Katika miaka ya 1980 ilitengenezwa kwa saruji nyingi, na mwaka 1988 pande la bega la kulia likaanguka. Saruji haikuwa adui peke yake, maji ya ardhini nayo yalikuwapo, lakini kazi ile ilibidi ibomolewe na kurudiwa kwa chokaa na mchanga. Yaani walilipa mara mbili.

Fundi, nasimamia bustani yenye sanamu ya marumaru ya mwanamke aliyeketi. Kichwa na magoti ni meupe safi, ila chini ya kidevu, kwapani na kwenye mikunjo ya nguo pana ganda jeusi. Nimeambiwa asidi ya chumvi iliyochanganywa na maji italitoa kwa dakika tano. Mwingine ananishauri mchanga wa presha. Ipi nafuu zaidi?
*Msimamizi wa bustani*

Zote nafuu, ndugu yangu, maana baada ya hapo hutakuwa na uso wa kusafisha tena.

Asidi ikigusa marumaru hutoa povu, na watu hushangilia wakidhani ni uchafu unatoka. Povu lile ni gesi inayotokana na marumaru yenyewe inapoyeyuka. Siki na ndimu hufanya jambo lilelile polepole, kwa hiyo zile dawa za nyumbani unazopewa bure nazo zikatae.

Ila kuna jambo katika barua yako linaloniuma zaidi. Umesema kichwa na magoti ni “meupe safi”. Si safi. Hayo ni maeneo yanayopigwa na mvua, na yamebaki meupe kwa sababu kila mvua inachukua ngozi kidogo. Gesi ya salfa inayotoka kwenye moshi hukutana na unyevu juu ya marumaru na kuigeuza kuwa jasi. Palipo wazi, mvua inaiyeyusha jasi na kuiosha. Palipojificha, jasi inabaki, inakua, inameza masizi, inakuwa ganda jeusi. Ukitaka kujua alama za tindo la mchongaji zimebaki wapi kwenye sanamu yako, huenda ni chini ya huo weusi unaoukimbia.

Anza na kidole kikavu. Gusa goti, kisha gusa karibu na ganda, taratibu. Kama chembe zinabaki kidoleni kama sukari, usisafishe chochote, ita mhifadhi wa mawe. Fuwele za kalisaiti, madini yanayounda marumaru, zikipata joto hutanuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine, na baada ya miaka mingi ya jua na usiku zinaachana. Hapo ganda linaweza kuwa ndilo pekee linaloshikilia uso, na jiwe litaimarishwa kwanza, ndipo lisafishwe.

Kama ni imara, mhifadhi ana njia kadhaa. Ukungu mwembamba wa maji hulainisha jasi, lakini kwa saa chache na kwa uangalizi, kwa sababu maji mengi yakifika kwenye chuma kilichofichwa ndani utaona madoa ya kutu. Bandiko ni njia ninayoipenda mimi. Udongo mweupe wa kaolini au nyuzi za karatasi hukorogwa kwa maji yaliyoondolewa madini, wakati mwingine pamoja na amonia kaboneti, zikapakwa nene juu ya ganda na kufunikwa plastiki. Baada ya muda wa majaribio unafunua, na uchafu umehamia upande wa ndani wa bandiko. Unaweza kuiona ramani ya ganda imejichora humo. Kisha unasuuza, unaangalia, na kama bado unarudia. Kazi hii haina haraka na wateja huichukia.

Halafu kuna leza. Mwanafizikia Mmarekani John Asmus aliijaribu juu ya mawe huko Venice mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ganda jeusi hunyonya mwanga, linapata joto ghafla na kuruka. Marumaru nyeupe chini yake huurudisha mwanga mwingi, kwa hiyo mashine ikipimwa vizuri kazi hujizuia yenyewe. Wanawake wa mawe wa Erechtheion, hekalu la kale kule Athens, wale waliokuwa wakibeba paa kwa vichwa vyao, walisafishwa kwa leza. Ni ghali, naijua bei itakukatisha tamaa, na mikononi mwa asiyejua leza nayo huacha rangi ya manjano. Lakini uliza.

Kuhusu mchanga wa presha: mwaka 1937 na 1938, marumaru za Parthenon, hekalu jingine la kale la Athens, zilizoko British Museum huko London zilikwanguliwa kwa vyombo vya shaba na unga mkali wa kusagia ili ziwe nyeupe zaidi, kwa kuwa mfadhili wa ukumbi mpya alizitaka nyeupe. Zilichubuliwa ngozi yenye umri wa zaidi ya miaka 2,300, na malumbano juu ya kazi ile hayajaisha mpaka leo. Na wale hawakutumia hata kompresa.

Mzee, tawi la mti liliangukia sanamu ya mwanzilishi wa shule yetu, ya jiwe la chokaa, likavunja mkono. Vipande tunavyo vyote isipokuwa kidole gumba. Pua ilikatika zamani sana. Fundi wa karibu amejitolea kutoboa, kuweka nondo ya milimita 12 na kuunganisha kwa gundi ya epoksi. Je, na pua tuichonge upya?
*Mwalimu*

Mwalimu, mshukuru fundi kwa moyo wake, kisha mzuie.

Nondo ndiyo mbaya zaidi katika mpango huo. Chuma kikishika kutu hutanuka mara kadhaa ya ukubwa wake, na jiwe halina pa kukimbilia. Wagiriki wa kale walilijua hilo. Vibano vyao vya chuma kwenye Parthenon walivizungushia madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili hewa na maji visifike. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos akalikarabati jengo lilelile kwa vyuma vingi visivyo na risasi. Vikashika kutu, vikapasua marumaru ambayo vililetwa kuishika. Kamati iliyoundwa mwaka 1975 imetumia miongo mizima kuvitoa kimoja kimoja na kuweka titani, metali isiyoshika kutu, mahali pake. Kwa mkono wa sanamu yenu, kama unahitaji kijiti ndani, kiwe cha chuma kisichoshika kutu au cha nyuzi za kioo, chembamba kadiri uzito utakavyoruhusu. Vipande vidogo havihitaji kutobolewa.

Gundi: epoksi ina nguvu kuliko jiwe lenu, na hiyo ndiyo kasoro yake. Mkono ukigongwa tena, hautavunjika kwenye gundi. Utavunjika pembeni, kwenye jiwe zima. Tena epoksi hugeuka manjano juani na haitoki. Wahifadhi hutumia akriliki iitwayo Paraloid B-72, inayoyeyuka kwenye asetoni, ili atakayekuja baada yetu aweze kuifungua. Uzito ukizidi, hupaka B-72 kwanza kwenye nyuso zote mbili zilizovunjika kama kizuizi, ndipo epoksi kidogo katikati.

Kwa sasa nakuomba jambo moja tu: vipande visichezewe. Najua kila anayepita ofisini anajaribu kuvipachika aone vinavyokaa. Mvunjiko mpya una meno madogo makali, na kila jaribio linayasaga. Wataalamu watakapokuja hapatakuwa na cha kushikana. Funga kila kipande peke yake kwenye karatasi laini, andika namba kwenye karatasi na si kwenye jiwe, usioshe, na chekecha udongo wa chini ya sanamu. Kidole gumba mara nyingi kimo humo.

Pua muiache. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi wanaufuata, unasema ukarabati ukome pale makisio yanapoanza. Mna picha ya pua? Kama hamna, mtachonga pua ya mtu mwingine. Pietà ya Michelangelo, sanamu ya marumaru ya Bikira Maria akimpakata Yesu aliyekufa, ilipopigwa nyundo mwaka 1972, waliweza kurudisha uso wa Maria kwa uhakika kwa sababu vipande vilikuwapo pamoja na nakala za plasta zilizotengenezwa kabla. Kwenu, kidole gumba kisipopatikana lakini picha ipo, kinaweza kutengenezwa kwa chokaa na unga wa jiwe lilelile, laini kidogo kuliko jiwe, kikubaliane na mkono kwa mbali na kwa karibu kijulikane kuwa ni kipya.

Kuna dawa ya kupaka inayozuia maji kabisa kuingia kwenye jiwe. Wanasema ukipaka mara moja umemaliza. Ni kweli?
*Mwenye nyumba ya kale*

Maji huingia kwa nyuma, kwa chini na kwa juu, si usoni tu. Dawa ikishaufunga uso, unyevu uliomo ndani utabeba chumvi mpaka nyuma ya hiyo dawa na kuishia hapo. Kisha uso utaanguka kwa vipande vyenye unene uleule dawa ilipoishia. Zipo kuta chache ambazo zinafaa kupakwa aina fulani ya dawa baada ya vipimo. Ukuta wenye chumvi au unyevu unaopanda toka ardhini haumo. Pesa hiyo peleka kwenye paa.

Fundi, jiwe la kaburi la babu limejaa ukoga wa kijani na mabaka ya kijivu na ya rangi ya chungwa. Nimenunua dawa ya kung'arishia nguo na brashi ya waya.
*Mjukuu*

Rudisha vyote viwili dukani, mjukuu wangu. Dawa ile itang'arisha kwa wiki chache na kuacha chumvi ndani ya jiwe. Brashi ya waya itachana maandishi, na vipande vyake vidogo vitabaki vimenasa na kutoa madoa ya kutu.

Mabaka ni laikeni, kitu hai, na nyuzi zake zimeingia ndani ya jiwe. Ukiikwangua ikiwa hai inaondoka na chembe za jiwe. Kama haisukumi magamba wala haizibi jina la babu, mimi ningeiacha. Kama lazima itoke, mwuaji wake ni dawa laini ya kundi la benzalkoniamu, inayopakwa siku kavu na kuachwa wiki kadhaa mpaka laikeni ife na kukauka. Ndipo utumie brashi ya nywele laini na maji. Ukoga wa kijani huwa unafuata kivuli na maji, kwa hiyo punguza matawi yanayodondosha maji juu ya jiwe, au utakuwa unaosha kila mwaka.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa uashi. Tunabadilisha mawe ya mchanga yaliyoharibika kwenye jengo la zamani. Mengine yamebanduka karatasi kwa karatasi, na jirani yake wa jiwe hilohilo ni mzima kabisa. Kwa nini? Na jiwe jipya nalichaguaje zaidi ya rangi?
*Mwanafunzi*

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote.

Jiwe la mchanga lililala chini tabaka juu ya tabaka lilipokuwa likiumbika. Likiwekwa ukutani likiwa limelala vilevile, uzito wa juu unabana tabaka pamoja. Likisimamishwa wima, tabaka zikatazama nje, hakuna kinachozibana, na maji yakiingia kati yake zinaachia moja baada ya nyingine. Jirani yake mzima alilazwa vizuri. Huenda waliojenga walikuwa mafundi wawili, au fundi mmoja kabla na baada ya kuhitaji jiwe la kimo kikubwa kuliko unene wa yaliyochimbwa, akalisimamisha wima.

Kuna mahali sheria hubadilika. Kwenye tao, tabaka zielekee kukabiliana na msukumo, kwa hiyo zinageuka pamoja na duara. Kwenye karnisi inayotokeza nje, jiwe husimamishwa tabaka zikitazama ubavuni, kwa sababu likilazwa, tabaka ya chini inayoning'inia itadondoka.

Kuchagua: rangi ni ya mwisho, kwa kuwa itabadilika hata hivyo. Chukua kipande cha jiwe la zamani na kipande cha jipya, vyote vikavu, weka tone la maji sawa juu ya kila kimoja na uangalie lipi linakunywa haraka. Jiwe jipya lisilokunywa kabisa litamtwika jirani yake maji yote. Angalia ukubwa wa chembe kwa lenzi. Vilevile gonga kwa nyundo ndogo: jiwe zima hujibu kwa sauti kali, lenye ufa hujibu kwa sauti nzito ya kufa. Mlio huohuo utautumia ukutani kutafuta magamba yaliyoachia kabla hayajaanguka, ila ukutani tumia kifundo cha kidole.

Kata kwa maji, na uvae barakoa ya vumbi ya kweli. Kitambaa hakitoshi. Vumbi la jiwe la mchanga lina silika, na silika ikishaingia kwenye mapafu haitoki. Na kabla ya kukata, lowesha jiwe uone mistari ya tabaka, kisha chora mshale kwa penseli kuonyesha upande wa juu. Likishakatwa na kulainishwa pande zote zinafanana, na hapo hata mimi siwezi kukuambia lilivyolala.